Hajalipa, Mgonjwa

Mwaka 2022, kanisa letu lilipokaribia kutimiza miaka 25, kamati ya sherehe ilinipigia simu. Walisema mimi nimesoma, tena kazi yangu huku mjini ni ya karatasi, basi niwaandikie historia ya kanisa, kurasa 4, ichapishwe pamoja na ratiba ya ibada. Mwenyekiti alikuwa ameshajua ianze vipi. "Anza na Krapf, mama, kisha uje kwa Wakefield. Ukifika kwetu utakuta umebakiwa na ukurasa mmoja tu wa kujaza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na kweli kurasa hizo tatu za mwanzo si kazi. Mtoto yeyote wa Kimethodisti aliyekulia pwani hii anazijua. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga ng'ambo ya Nyali. Miaka miwili baadaye yeye na mmisionari mwenzake, Rebmann, wakapanda Rabai. Hao walitumwa na Waanglikana. Sisi tunaingia baada ya Krapf kurudi Ulaya na kuandika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Kundi moja la Wamethodisti wa Uingereza wakakisoma, wakamwomba awaongoze huku. Mwaka 1862 akaja na vijana, Thomas Wakefield akiwa mmoja wao, wakafungua kituo Ribe. Homa zikawatia adabu. Wenzake wakarudi makwao mmoja mmoja, na Krapf mwenyewe akarudi, Wakefield akabaki peke yake mpaka Charles New alipomfuata mwaka 1863. New ndiye aliyepanda Kilimanjaro mwaka 1871 akaigusa theluji, na mwaka 1875 akafariki safarini. Rebecca, mkewe Wakefield, alifariki Ribe mwaka 1873. Mwaka 1886 mtu na mkewe, John na Annie Houghton, wakauawa kwenye kituo cha Golbanti, kwenye Mto Tana. Mwaka uliofuata Wakefield akafunga virago vyake baada ya miaka 25.

Haya, nimeyamaliza kwa aya moja. Siyadharau makaburi yale. Nimeyazuru, nimeyang'olea magugu. Lakini sijawahi kuona kanisa la kijiji lililojengwa na mtu aliyekuwa amekufa miaka mia moja kabla ya mwembe wake kuota.

Nikamwuliza mwenyekiti kama bado wanalo daftari la hawe.

*

Hawe ni nyanya. Ndivyo tumwitavyo sisi Wamijikenda, na kanisani kwetu hakuna aliyemwita vingine, hata wachungaji kutoka bara. Hakusoma shule. Herufi alizipata utu uzimani, kwenye kisomo cha ngumbaru, ile kampeni iliyoanzishwa nchi nzima mwaka 1979, na kwa kuwa alizipata kwa shida hakutaka zipotee bure. Aliandika kwa herufi kubwa zote, akikandamiza kalamu mpaka upande wa pili wa karatasi ukawa na matuta. Ukipitisha kidole unaweza kusoma gizani.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Miritini, bado ni Mombasa lakini si ile Mombasa ya kwenye picha. Kuna muhogo, minazi, mikanju, mbuzi. Kati yetu na kanisa kuu, upande wa Jomvu, kuna bonde lenye kijito ambacho miezi tisa ya mwaka unakiruka bila kukunja kanga. Mwendo wenyewe ulikuwa saa nzima na kitu kwa miguu ya watu wazima. Kila Jumapili hawe alitutoa saa kumi na mbili unusu, viatu mkononi, tukivivaa tukiliona bati la kanisa.

Halafu ikaja mvua ya mwaka 1997. Waliokuwapo hawahitaji kuambiwa. Watu wengine wanasema El Niño, kwetu ilikuwa "ile mvua". Ilianza Oktoba ikawa haina adabu ya kukoma. Kijito kikawa mto, mto ukachukua mbuzi, kisha ukachukua daraja la magogo ya minazi. Jumapili mbili mfululizo tulifika ukingoni na kusimama pale kama kuku waliolowa, tukisikia nyimbo upande wa pili, maana upepo ulikuwa wa kutuletea. Jumapili ya tatu hawe hakusimama ukingoni. Aligeuka nusu ya njia akasema, "Mungu ana miguu, atavuka yeye."

Wakakaa chini ya mwembe wa jirani. Na hapa lazima niseme, kwa sababu kwenye rasimu ya kamati sentensi hii ilifutwa mara mbili: mwembe ule ulikuwa wa Mwislamu, na baada ya nusu saa mvua ilipoanza tena ni yeye aliyewaita barazani kwake, akatoa jamvi. Wanawake saba, wazee wawili, na sisi watoto. Mimi nilikuwa na miaka 12. Nakumbuka harufu ya jamvi bichi, na mke wa mwenye nyumba akileta chai na mahamri katikati ya maombi, akaweka chini taratibu asimkatize mtu. Wale wazee wawili walifungua jicho moja.

Hivyo ndivyo lilivyoanza. Hapakuwa na mzungu, wala mchungaji, wala azimio la sinodi. Mvua tu, na mwanamke aliyechoka kulowa.

*

Mchungaji alipovuka hatimaye, Januari, hakuwagombeza. Wamethodisti tuna neno la hali kama hiyo, nalo ni darasa. Si darasa la ubao na chaki. Ni kikundi kidogo cha washirika wanaoishi karibu karibu, chenye kiongozi wake. Kanisa haliwi kanisa siku moja: linakuwa darasa la kanisa jingine kwanza, halafu jina lake linaingizwa kwenye ratiba ya wahubiri wa sakiti, yaani makanisa yote aliyo nayo mchungaji mmoja. Kwa hiyo mwenye kuhubiri Jumapili nyingi si mchungaji. Ni mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, dereva wa lori aliyepumzika. Mchungaji mwenyewe tulimwona mara moja kila robo mwaka, kwa Meza ya Bwana na ubatizo. Watoto wakizaliwa mwezi wa pili walisubiri.

Mchungaji akamwambia hawe awe kiongozi wa darasa, anunue daftari, na kila mshirika atoe chochote kila wiki. Wakakubaliana shilingi 5.

Nilipokuwa naandika ile historia nilienda kusoma habari za John Wesley, Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, ili nijue desturi hii ilitoka wapi, nikitegemea kupata fundisho zito la kiroho. Nikakuta deni. Mwaka 1742, mjini Bristol, Wamethodisti wa kwanza walikuwa wanadaiwa fedha za jengo lao. Wakaketi kutafuta njia. Mmoja wao, nahodha aitwaye Foy, akasema kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Wakamwambia wengine ni fukara, hawana hiyo peni. Akajibu apewe yeye maskini 11, awapitie kila wiki, na asiyeweza atamlipia. Wengine nao wakakubali kufanya hivyo. Basi waliokusanya peni wakawa wanaingia nyumba kwa nyumba, na walipoingia wakaanza kuyaona mambo ya nyumbani: huyu mgonjwa, yule mlevi, wale hawasemezani. Wesley akapata habari, akaona kuwa hili ndilo alilokuwa akilitafuta muda mrefu. Utunzaji wote wa roho za watu ukaanza na mtu anayebisha hodi kudai pesa ndogo.

Nilisoma hayo nikiwa kwenye matatu ya kutoka kazini, nikashuka kituo kisicho changu.

Kwa sababu daftari la hawe limejaa kitu hichohicho. Upande wa kushoto majina, katikati wiki, upande wa kulia maelezo. Na maelezo hayahusu walioleta. Aliyelipa anapata alama ya vema na basi. Maneno yote ameyatumia kwa ambao hawakulipa:

HAJALIPA, MGONJWA.
HAJALIPA, MUME KASIMAMISHWA KAZI BANDARI.
AMELETA NAZI 2.
HAJALIPA, AMENIFICHA. NITARUDI.
HAJALIPA, HANA. NIMEMWACHIA UNGA.

Hii ya mwisho iko mara nyingi kuliko zote. Kuna wakati aliyekwenda kudai shilingi 5 alirudi amepungukiwa unga wa shilingi 40.

*

Jengo la kwanza lilikuwa la udongo na makuti, boriti za mikoko kutoka ufukoni Jomvu, kwenye kiwanja alichokitoa mzee mmoja kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi. Mashahidi wote wameshafariki. Anayeijua ardhi ya Mombasa ataelewa kwa nini sisemi zaidi ya hapo. Miaka mingi tulisali tukiwa wageni mahali petu wenyewe, na kila gari geni likisimama nje mhubiri alipoteza mstari.

Kengele ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye tawi la mkanju kwa mnyororo wa baiskeli, na kando yake nondo fupi ya kuigongea. Yule dereva mstaafu ndiye aliyeileta. Rimu ina sauti mbili. Ukigonga ukingo inalia kama chuma cha kawaida, lakini ukigonga ndani kidogo, karibu na matundu ya nati, inatoa mlio mrefu unaotetemeka kama mtu anayekumbuka jambo. Alitufundisha watoto tofauti yake: ukingo kwa ibada, ndani kwa msiba. Mpaka leo sikio langu halijasahau. Nikipita gereji za Changamwe, fundi akigonga rimu vibaya, moyo unashtuka.

Katika ukuaji wetu kuna mambo ambayo kamati ilitaka yaandikwe na mengine ambayo haikutaka. Waliyotaka: mnada wa mavuno, ambapo kuku mmoja huuzwa mara sita maana kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, kina mama wa ushirika na vitambaa vyao, kayamba, ambazo wazee wa kwanza walizikataza kwa kuwa ni za ngoma, na ambazo sasa zisipokuwapo watu huuliza kama kuna matanga. Wasiyotaka: fundi wa kwanza wa jengo la mawe, aliyechukua pesa ya msingi akachimba mtaro hadi magotini kisha asionekane tena. Mtaro ule ulikaa miaka miwili. Ulikusanya maji, maji yakaleta vyura, na vyura wakawa wanaitikia "Amina" kabla yetu.

Aliyetutoa hapo alikuwa Mmeru. Inafaa nieleze. Nilipokwenda chuo Nairobi mwaka 2004 na kusema mimi ni Methodisti, msichana wa chumbani akaniuliza natoka Meru sehemu gani. Nikamwambia natoka Mombasa. Akasema sawa, lakini nyumbani hasa? Kanisa lililoanzia Ribe mwaka 1862 lilifika Meru mwaka 1912, miaka hamsini baadaye, likashika huko kuliko huku, na leo Wakenya wengi wanadhani ni la Wameru na sisi wa pwani tumeazimwa. Huwa inaniuma kidogo. Lakini huyu Mmeru wetu alikuwa fundi wa mawe aliyepanga chumba Miritini, akawa anatafuta kanisa la karibu. Alipouona ule mtaro wa vyura alivua shati la Jumapili, siku ya Jumapili, akaingia ndani na kupima kwa hatua. Alijenga jioni baada ya kazi zake, kwa miezi 14, kwa mawe meupe ya machimbo yaliyoletwa kumi kumi kadiri pesa ilivyopatikana. Kiswahili chake kiliwachekesha watoto. Kwenye daftari, miezi hiyo yote, jina lake lina maneno mamoja: AMELIPA JASHO.

Kuna jiwe la msingi ukutani. Lina jina la mheshimiwa aliyefika siku moja, kwa dakika arobaini, akaondoka kabla ya wali.

*

Tulipofika watu 90 tukagawanyika. Hili nalo lilifutwa. Kijana mmoja mhubiri, hodari kweli, alisema ibada zetu zimelala. Akanunua spika, akaondoka na vijana karibu wote, na kwaya. Wakafungua huduma yao ng'ambo ya barabara kuu. Jumapili iliyofuata tulibaki wazee na watoto, hatuna wa kushika sauti ya pili. Wengi walitaka majina ya walioondoka yakatwe. Hawe hakukata hata moja. Ameandika HAJALIPA, YUKO NG'AMBO, wiki baada ya wiki, na nimeambiwa alikuwa akivuka barabara ile yenye malori na kubisha hodi kwao kama kawaida, kudai shilingi 5. Wengine walimfungia mlango. Wengine walimlipa ili aondoke. Katika miaka minne, 17 walirudi, na sidhani kuna mahubiri yaliyowarudisha.

Kisha ikaja reli. Mwaka 2017 kituo kikuu cha treni mpya kilipofunguliwa Miritini, kijiji kiliamka kikajikuta karibu na kitu. Nyumba za kupangisha zikaota, na wapangaji wakaja: Wakamba, Wapokomo, Waluo, Wataita. Waumini wakapita 150. Madaraka Express ikipita asubuhi mhubiri anasimama, anasubiri mabehewa yaishe, anaendelea. Wageni hudhani ni kimya cha kutafakari.

Mwaka 2020 makanisa yalifungwa Machi, na yaliporuhusiwa Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyezidi 58. Nilipoyasikia kwenye redio niliwaza: basi sisi tumefungiwa wote. Kiongozi wa darasa, mtunza hazina, nusu ya wahubiri, mpiga rimu, wote walikuwa wamepita 58. Jumapili ya kwanza hawe alikuja na kigoda chake akakaa nje, chini ya mkanju, upande wa dirisha. Kijana wa mlangoni, mjukuu wa mmoja wa wale wanawake saba, akamwambia kwa heshima kuwa hata pale si ruhusa. Akamjibu kwamba yeye hayuko kanisani, amekaa kwenye kivuli. Wiki iliyofuata vigoda vilikuwa tisa.

Hakuona mwaka mpya. Rimu iligongwa ndani.

*

Daftari wakanipa, limefungwa kwa kanga ndani ya mfuko wa nailoni. Ni madaftari sita kwa kweli, yameshonwa pamoja kwa uzi wa gunia. Nililisoma siku tatu. Baada ya Machi 2020 hakuna kitu. Sasa michango inapita kwa simu: unatuma, unapata ujumbe, mtunza hazina anapata wake. Ni safi, haina wizi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipendekeza kamati iifuate. Inaonyesha waliolipa tu.

Nilitafuta wiki ya msiba wa babu, mwaka 2009. Nilitaka kuona kama alisimama. Jina lake mwenyewe liko la kwanza siku zote, na siku zote lina vema. Wiki ile liko wazi, na mbele yake kuna mwandiko usio wake, wa herufi ndogo zilizolala, sijui wa nani: hajalipa, msiba. nimemwachia unga.

Halafu nikaliona jina langu.

Sikujua kama nimo. Nilidhani nilitoka kwenye orodha nilipokwenda Nairobi, na niliporudi Mombasa nikawa nasali makanisa ya mjini, kijijini nafika Krismasi na matanga. Lakini lipo, mwisho wa kila robo, kuanzia robo ya kwanza ya 2004. HAJALIPA, SHULE. HAJALIPA, SHULE. Baadaye, HAJALIPA, KAZI. Baadaye maneno yanakwisha inabaki HAJALIPA. Mwaka niliozaa kifungua mimba ameongeza, kwa kukandamiza zaidi: ANA MTOTO, NITAENDA. Na alikuja. Alikuja na matatu tatu, na kikapu chenye unga wa muhogo na kuku aliye hai. Nilimkemea kwa kusafiri peke yake. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama nina shilingi 65, nikampa mia, nikajua ni nauli. Robo ile ina vema.

Nikachukua kikokotoo cha simu. Robo ya kwanza ya 2004 mpaka robo ya kwanza ya 2020 ni robo 65, wiki 13 kila moja, shilingi 5 kila wiki. Shilingi 4,225, toa zile 65. Nikatuma 4,160 kwenye namba ya kanisa.

Mtunza hazina, kijana mwema, mjukuu wa yule dereva, alijibu baada ya dakika chache. "Mama, imefika, ubarikiwe. Niandike ni ya nini? Jengo ama fungu la kumi?"

Nikamwambia aandike darasa.

"Darasa la nani?"